Dala, Dola na Madafu

Sarafu ya shilingi 5 yenye pembe kumi, iliyokuwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja, haimo tena mfukoni mwa mtu Unguja. Anayebahatika kuiona huiona katika sinia la muuza vitu vya kale kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, imechanganywa na funguo zilizoota kutu na pesa za shaba za Sayyid Barghash, ikimngoja mtalii. Haina tena inachonunua. Hata hivyo kila alfajiri, toka Nungwi hadi Makunduchi, toka Bububu hadi Mwanakwerekwe, maelfu ya watu hupanda jina lake kwenda kazini, skuli na sokoni. Jina hilo ni dala. Gari ni daladala.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, dollar, na ni miongoni mwa maneno ya lugha hiyo yanayosikika kila siku karibu kila pembe ya dunia. Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia katika Kiswahili kwa mlango wa ofisi na wa darasa: faili, kopi, risiti, na hiyo ofisi yenyewe. Hili lilipita kiganjani. Lilibadilisha mikono, na kila lilipobadilisha mikono lilibadilisha maana. Waunguja wamepewa fedha za watu wengine tena na tena, za Austria, za Bara Hindi, za Uingereza, na kila mara wamezipa majina yao wenyewe. Mhadhara huu unashikilia kwamba majina hayo ya mitaani ni kumbukumbu inayostahili kusomwa kwa makini, kwa sababu mara nyingine imebaki humo hesabu ambayo daftari za benki zimekwishaifunga.

Kwa asili, dollar maana yake ni "ya bondeni". Katika muongo wa 1510 madini ya fedha yalivumbuliwa kwa wingi katika bonde la Joachimsthal, Bohemia, mahali ambapo leo ni Jamhuri ya Cheki. Thal kwa Kijerumani ni bonde, na sarafu nzito zilizofuliwa huko zikaitwa thaler. Waholanzi wakasema daalder, Waingereza wakalisikia kwao wakasema dollar. Neno lilikuwa limezunguka masoko ya Ulaya kwa zaidi ya miaka 200 kabla Marekani, taifa changa, halijalichagua kuwa jina la fedha yake.

Unguja iliijua sarafu kabla ya kulijua neno. Sarafu kubwa ya biashara katika Bahari ya Hindi ya karne ya 19 ilikuwa thaler ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 na ushei, na ilipendwa Arabuni na Uhabeshi kiasi kwamba Austria iliendelea kuifua miaka na miaka baada ya malkia kuzikwa, daima ikiwa na tarehe ileile ya 1780. Mpokeaji aliigeuza, akatazama mwaka, akahesabu lulu za kifungo cha vazi la malkia. Mwaka ukiwa mwingine, au lulu zikiwa zimefutika, biashara ilikwama.

Waingereza na Wamarekani waliofika Unguja waliiita dollar katika barua na daftari zao. Waunguja waliiita reale ya Sham. Ndugu yake, dola ya Kihispania yenye nguzo mbili, waliiita reale ya mzinga, kwa sababu nguzo zile zilifanana na mizinga. Macho ya watu wanaoishi mbele ya ngome na bandari yaliona mizinga, na jina likakaa.

Wamarekani hawakuwa wageni wa kupita. Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara nao mwaka 1833, miaka kabla ya kufanya hivyo na Uingereza. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja akiwa balozi mdogo wao wa kwanza. Mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman aliipeleka jahazi ya Sultani iitwayo Sultana mpaka New York. Walichokileta Wamarekani kilikuwa nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi, na Waswahili waliiita kwa jina la wenyewe: merikani. Neno la nguo liliingia mara moja, likaenda bara kwa misafara hadi maziwa makuu. Neno la fedha lilibaki mdomoni mwa mgeni. Mwaka 1861, Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, alipoitenga Zanzibar na Maskati na kuamua kwamba Sayyid Majid wa Zanzibar ailipe Maskati 40,000 kila mwaka, maandishi ya Kiingereza yalitaja crowns. Huku watu wakihesabu reale. Fedha zilezile kwa majina mawili au matatu. Waunguja hawakuhitaji neno dollar kwa sababu walikuwa nalo lao, na lao lilikuwa linatosha.

Baadaye ikaja rupia. Ilishika soko la Unguja kwa nguvu ya wafanyabiashara wa Kihindi, na tangu mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake yenyewe za rupia. Majirani wa bara waliiacha rupia mwanzoni mwa muongo wa 1920, Zanzibar ikaendelea nayo hadi tarehe 1 Januari 1936, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia moja. Tarehe hiyo ni muhimu sana katika habari hii. Kabla yake Mwunguja hakuwa na shilingi 5 ya kuipa jina.

Na hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu maelezo yanayotolewa kila mara juu ya neno daladala yana tundu. Husemwa kwamba mabasi ya watu binafsi yalipoanza Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi 5, na shilingi 5 ilikuwa sawa na dola moja ya Marekani. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili haisimami. Kufikia mwisho wa mwaka 1983, mwaka ambao serikali iliyaruhusu rasmi mabasi hayo, dola ilikuwa imeshapita shilingi 10 kwa bei ya benki, na kwa bei ya mtaani ilikuwa mara kadhaa ya hapo. Hata kabla ya hapo, katika muongo wote wa 1950 na wa 1960, dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Basi hiyo shilingi 5 ilipataje kuitwa dala?

Jibu limo katika hesabu ya zamani zaidi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikwenda sambamba na shilingi ya Uingereza: ishirini kwa pauni moja. Kuanzia mwaka 1940 pauni iliwekwa kuwa dola 4 na senti 3. Anayegawanya ishirini kwa hiyo hupata shilingi 4 na senti 96, yaani shilingi 5 kasoro senti nne. Kiwango hicho kilidumu hadi Septemba 1949, pauni iliposhushwa thamani. Isitoshe, Waingereza wenyewe katika lugha yao ya mtaani waliiita shilingi 5 yao, ile sarafu ya crown, "dola", na nusu yake "nusu dola", wakaendelea hivyo mpaka walipobadili mfumo wao wa fedha mwaka 1971. Lakabu ilikuwa tayari midomoni mwa mabaharia, askari na makarani wa himaya ya Kiingereza. Kwa maoni ya mhadhara huu, dala ya Waswahili ni kisukuku cha wakati huo. Thamani ya dola ilipanda ikaiacha shilingi 5 nyuma, jina likakataa kuondoka. Lilihamia kwenye noti ya shilingi 5 ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 1966, kisha kwenye ile sarafu ya pembe kumi ya miaka ya 1970, na likaingia garini.

Hata sauti yake inatoa ushahidi. Neno la Kiingereza la Uingereza lenye o fupi kwa kawaida hukaa na o katika Kiswahili: ofisi, soksi, boksi. Kwa kanuni hiyo dollar inakuwa dola, na ndivyo tunavyoandika magazetini. Dala imeivunja kanuni. Mmarekani hulitamka neno hilo kwa mdomo uliofunguka, karibu kabisa na a. Yawezekana sikio lililoshika dala lilishika kwa baharia wa meli, au kwa filamu za Kimarekani zilizokuwa zikijaza watu katika majumba ya sinema ya mji wa Unguja. Kwa njia yoyote ile, lilishikwa kwa kusikia. Mwalimu angeliandika ubaoni, lingekuwa dola.

Kisha kuna ule urudufu, na huo ni Kiswahili kitupu. Mtu akisema "wape mia mia" maana yake kila mmoja apate mia. Akisema "lipeni tano tano", kila mmoja alipe tano. Utingo aliyesimama mlangoni mwa gari akipaza "dala, dala" alikuwa anatangaza nauli kwa sarufi ya mama yake: kila kichwa, dala moja. Hakuna Mwingereza wala Mmarekani ambaye angeweza kulitengeneza neno hilo. Mzizi ni wa Bohemia, umbo ni la Kibantu.

Nairobi walifanya jambo la jamaa moja. Matatu limetokana na tatu, nauli ya senti thelathini ya miaka ya mwanzo ya uhuru, vipande vitatu vya senti kumi. Mpakani mwa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya vituo viwili vya forodha walichukua neno la Kiingereza la mpaka wakalirudufu likawa bodaboda; leo linasikika Fuoni na Paje, kisiwani, mahali pasipo na mpaka wa nchi kavu na mtu yeyote. Katika majina haya ya usafiri, daladala na matatu ndiyo yanayokumbuka bei. Zote mbili ni bei zilizokufa.

Unguja haikupata gari pamoja na jina. Gari lilikuwako. Kwa miaka mingi kabla ya jina daladala kuvuka bahari kutoka Dar es Salaam, mafundi seremala wa kisiwani walikuwa wakichukua lori dogo, wakalivua bodi yake na kulivisha ya mbao: mabenchi marefu pande mbili, abiria wanatazamana magoti kwa magoti, mbavu wazi za kupitisha upepo, paa imara la kubebea magunia, matenga ya samaki, mikungu ya ndizi na baiskeli. Zikaitwa gari za mbao, na zile za masafa, gari za shamba, kwa kuwa kwa Mwunguja kila kilicho nje ya mji ni shamba, hata kama ni ufukwe wenye hoteli ya ghorofa. Daladala lilipofika lilikuta jumba tayari, likahamia tu. Likapewa na namba: 502 ni Bububu, 505 ni Uwanja wa Ndege, 116 Nungwi, 206 Chwaka, 309 Jambiani, 310 Makunduchi. Mtu wa mjini huweza kumwelekeza mgeni kwa namba bila kutaja mahali.

Gari za mbao zimepungua sana, nafasi yake imechukuliwa na mabasi madogo ya Kijapani yenye vioo na milango. Jina limeyapanda nayo hayo. Nalo limeanza kujifupisha: vijana husema "nimekuja na dala". Neno limerudi kwenye silabi zake mbili za mwanzo, lakini anayelitamka hana shilingi 5 akilini wala hajawahi kuishika. Kwake dala ni gari, na kama gari ni la namba 502, dala inakwenda Bububu. Bibi yake akisikia "dala", bado anaweza kuwaza sarafu. Maana mbili ndani ya nyumba moja, na wote wawili wanasema Kiswahili sahihi.

Upo pia mgongano wa maneno ambao Kiswahili kimeuzoea hata hakiuoni. Dola ya fedha ina pacha wa sura asiye ndugu wa damu: dola ya utawala, itokayo katika Kiarabu dawla. Vyombo vya dola, dola ya Kirumi, Jumuiya ya Madola, zote ni za huyo wa pili. Kichwa cha habari kikisema "Dola yatikisika", msomaji hana budi kusoma mstari wa pili ajue kama ni habari za soko au za Ikulu. Wingi wao umekuwa ukitofautiana: dola ya utawala huchukua madola, ya fedha hubaki dola kumi, dola mia. Sasa mtaani nao huo mpaka umelegea, na mtu aliyefanikiwa katika utalii husemwa "ana madola", kwa maana ya marundo. Jambo la kutia moyo kwa mpenda lugha ni kwamba mzizi wa Kiarabu wa dawla unabeba maana ya kupokezana, kitu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na Waarabu hulitumia shina hilohilo kwa mzunguko wa fedha sokoni. Maneno mawili yaliyozaliwa mbali, moja katika bonde la Ulaya na moja katika jangwa, yamekutana Unguja yakiwa na sauti moja.

Dola ya leo, ile ya noti ya kijani, ni habari nzito zaidi. Ilishuka Unguja kwa wingi pamoja na utalii baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Chumba cha hoteli kilitajwa kwa dola, safari ya kwenda Mnemba kwa dola, kodi ya nyumba ya mjini kwa dola. Bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024 imewekwa dola 44. Mwunguja anayelipwa kwa shilingi amejikuta akiishi kisiwani ambamo baadhi ya bei zinasema lugha nyingine. Ndipo likashika lile neno lililoenea Tanzania nzima: fedha ya madafu. "Milioni mbili, za madafu", mtu husema, ili asidhaniwe anazungumzia dola. Dafu ni tunda la nyumbani, lipo Forodhani kila jioni limekatwa kichwa, na kuifananisha fedha na dafu ni kusema ni yetu na ni rahisi, kwa pamoja. Kuna uchungu katika neno hilo, na kuna upendo pia, na msikilizaji hujua kwa sauti ya msemaji ni kipi kimezidi. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kukataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kisheria madafu yamerudishiwa heshima yake. Mdomo utachukua muda kufuata.

Na kuna jambo moja ambalo halina budi kutajwa. Katika maduka ya kubadilishia fedha ya Mji Mkongwe, keshia akipokea noti ya dola mia huigeuza, akatafuta mwaka. Iliyochapwa kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa, au hupokewa kwa bei ya chini. Iliyochanika pembeni hurudishwa. Noti ndogo, za dola moja na tano, hupata kiwango hafifu kuliko kubwa. Amerika yenyewe inazikubali zote. Mgeni hukasirika, akaona ni ujanja. Lakini miaka 150 kabla ya keshia huyo, mabarazani na kwenye maduka yale yale ya mawe, watu waliigeuza thaler ya Maria Theresa wakatafuta 1780. Mahali ambapo fedha hutoka ng'ambo na watu hawawezi kumuuliza aliyeifua, hulazimika kuisoma wenyewe. Ni ujuzi, umerithiwa, na ulistahili kuandikwa zamani.

Kazi iliyobaki ni ya kukusanya. Baraza la Kiswahili Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na kazi hiyo ni hazina. Kinachodaiwa sasa ni daftari la majina ya fedha na ya usafiri wa visiwani, na kinadaiwa haraka. Waliolipa nauli kwa dala wana nywele nyeupe. Wa kuulizwa kwanza wawe mafundi waliokuwa wakijenga bodi za gari za mbao, wanaojua kila ubao na ndoano ilivyoitwa. Kisha matingo wastaafu, waliopiga kelele za nauli kabla hazijapanda. Kisha akina bibi wa Chwaka na Makunduchi waliokuja mjini na samaki juu ya paa na kurudi na mchele, ambao kwao thumuni, dala na pauni ni maneno ya jana. Waulizwe dala ilinunua nini sokoni Darajani: vipande vingapi vya muhogo, mafungu mangapi ya dagaa, vibaba vingapi vya unga. Waulizwe pia mwaka walioacha kuisema.